Wa Kulala na wa Kukaa

Kingori wa Mutahi hakuwa na gari. Hakuwa na stima, wala maji ya mfereji, wala ng'ombe wa gredi kama wale wa majirani zake wa Mweiga. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, maana kilibaki chini ya jiwe kule machimboni alipokuwa kijana. Baba na mama hakuwa nao tena. Shule ya mchana hakuiona. Cheti chake kilikuwa kimoja tu, cha ngumbaru, alichokipata akiwa na mvi kichwani, akisoma jioni kwa taa ya karabai katika ukumbi wa kanisa. Mtoto nyumbani hakuwa naye, kwani Mutahi, mwanawe wa pekee, alikuwa ameajiriwa bandarini Mombasa na ameoa hukohuko.

Haya yote alikuwa ameyazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini mwaka ule wa 1971 kulikuwa na upungufu mmoja uliomnyima raha: hakuwa na mtu wa kumuuliza. Tangu ukoo wao ujulikane, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumiliki nyumba ya kupangisha. Wazee wake walijua kuomba mahali pa kukaa. Jinsi ya kumpa mwingine mahali pa kukaa, hilo hakuna aliyemfundisha.

Nyumba yenyewe aliijenga kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe, katika shamba alilolinunua baada ya uhuru. Yeye na mkewe Wachuka walilala katika nyumba ya mbao karibu na barabara. Ile ya mawe ilikaa chini kidogo, kuelekea mtoni, ikiwa na mabati mekundu, baraza pana na dohani ndefu. Asubuhi ukikaa barazani ulitazamana na Mlima Kenya uso kwa uso, na ukigeuka nyuma uliona Nyandarua imejifunika blanketi la mawingu. Aliijenga kwa ajili ya Mutahi. Kisha Mutahi akaandika kwamba atarudi, ndiyo, lakini labda siku ya kustaafu.

"Nyumba isiyo na watu inaoza kama meno," Wachuka alimwambia. "Tia watu ndani."

Watu walikuja wenyewe, na walikuja wa aina mbili, katika wiki moja ya mwezi wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Peterson Mathenge. Huyu alikuwa na ofisi ndogo ya watalii mjini Nyeri, juu ya duka la nguo, na Peugeot nyeupe aliyoipangusa kwa kitambaa kila aliposimama. Aliizunguka ile nyumba mara mbili akipiga miluzi.

"Mzee Kingori, hii nyumba uliijenga kwa ajili ya nani? Popo?"

"Niliijenga kwa ajili ya mwanangu."

"Mwanao yuko Mombasa anakula samaki. Basi wacha wengine waje wale samaki hapa." Akaonyesha mto kwa kidole. "Hapo chini kuna trauti. Wazungu wa Nairobi wanazitafuta kama dhahabu. Wengine wanatoka ng'ambo kabisa. Watalala siku mbili, siku tatu, wataondoka. Kila mmoja analipa kwa usiku. Mpangaji wa mwezi atakupa nini? Atakupa kelele za watoto."

Maneno hayo yalimwingia Kingori vizuri. Hasa lile la kuondoka.

Wa pili alikuwa Kaberia, mtu wa Meru, afisa wa mifugo aliyekuwa Karatina na ambaye angehamishiwa Mweiga mwezi wa tano. Alikuja na mkewe Nkatha, mama mwenye tabasamu na macho yasiyopitwa na kitu. Walitaka nyumba ya kukaa, si ya kulala. Wachuka alipendezwa nao kabla hata chai haijachemka.

"Ninyi watu wa Meru," alisema akimimina, "si husemwa mna hasira kama nyuki?"

"Na ninyi wa Nyeri, Mama," Nkatha akajibu bila kusita, "si husemwa mnapiga mabwana?"

"Ni uongo mtupu. Muulize huyu."

"Sina la kusema," Kingori alisema, "yuko karibu sana." Wakacheka wote wanne.

Walipoizunguka nyumba, Nkatha alifika nyuma, karibu na dohani, ambako mawe matatu meusi yalikuwa yamepangwa chini ya ukingo wa mabati. Alikuwa karibu kuweka mkoba wake juu ya mojawapo, lakini mkono ukasita hewani.

"Haya mafiga ni ya nani, Baba?"

"Ya mama yangu. Kagure. Alishafariki."

"Pole," alisema kwa sauti ya chini. Akauvaa mkoba wake begani na kuyazunguka yale mawe kwa mbali, kama mtu anayepita karibu na mzee aliyelala.

Kingori aliliona hilo na likampendeza. Angesema ndiyo saa ileile, kama Nkatha hangegeuka kutazama kile kipande cha ardhi kilichokuwa wazi baina ya nyumba na ua, akakipima kwa macho, na kupiga makofi.

"Hapa niko na mahali pa plamu! Dada yangu wa Timau ana miche mizuri sana. Nikipanda na mvua, Mama Mutahi, mwaka wa nne tunakula."

Kingori akaacha kutabasamu.

"Mambo ya kupanda," alisema, "tutayaongea."

Kaberia alimtazama, akamtazama mkewe. Walipoagana Kingori aliwaomba wasubiri mpaka baada ya Pasaka ndipo awape jibu. Kaberia alikubali kwa heshima, ingawa furaha ilikuwa imepungua usoni.

"Mti tu," Wachuka alisema walipobaki wawili.

"Unajua vizuri mti ni nini."

Wachuka alijua. Baba yake Kingori, Mutahi mkubwa aliyerithiwa jina na mjukuu wake, alikuwa mtu wa kule Giakanja ambaye watu wa kwao walimwita muhoi, yaani mtu asiye na shamba lake, aliyeomba kwa rafiki akapewa pa kulima. Hapakuwa na kodi. Palikuwa na pombe ya muratina mara mojamoja, kikapu cha maharagwe ya kwanza wakati wa mavuno, na urafiki. Palikuwa pia na sharti moja ambalo halikuhitaji kusemwa: muhoi alipanda maharagwe, viazi na mtama, lakini hakupanda mti. Mti unakaa. Anayepanda mti anasema kwamba naye anakaa.

Kingori akiwa mtoto, baba yake alijisahau, au labda hakujisahau, akapanda mche wa muringa kando ya kibanda chao. Siku chache baadaye mwenye shamba akaja, akasalimia, akakaa, akanywa uji. Alipoinuka kwenda aliushika ule mche, akaung'oa pole pole na mizizi yake, akampa baba mkononi. "Mutahi, rafiki yangu," alisema, "hiki ulikisahau hapa." Hakupaza sauti. Kingori aliusikia udongo ukidondoka kwenye miguu ya baba yake.

Miaka ikapita. Katika Hali ya Hatari mashamba yakakusanywa na kupimwa upya, na kila mwenye haki akaambiwa asimame kwenye chake. Baba alisimama katikati ya maharagwe. Mwenye shamba alikuwa amekufa. Wanawe wakawaambia wazee wa kamati, "Huyo ni muhoi tu," na kalamu ikaendelea mbele. Kibanda kikabomolewa. Mama yake, Kagure, aliyang'oa mafiga yake yakiwa bado na joto, akayatia katika kiondo, akayabeba mgongoni, moja baada ya jingine, kwa safari tatu, mpaka pale walipopata pa kulala. Ndiyo hayo yaliyokuwa sasa nyuma ya nyumba ya mawe. Hakuna aliyepikia juu yake tena, lakini Kingori hakuweza kujenga nyumba bila kuyatafutia mahali.

Kwa hiyo Nkatha aliposema mwaka wa nne, Kingori hakusikia habari ya matunda. Alimwona Mutahi akirudi kutoka Mombasa na masanduku yake, akikuta plamu zimekomaa, watoto wa watu wengine wako juu ya matawi, na Kaberia akisema, "Lakini sisi tuko hapa siku nyingi." Na hata hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya zaidi lilikuja nyuma yake: alijiona yeye mwenyewe, Kingori wa Mutahi, akitembea kuelekea mlango ule kwenda kuwaambia watoke. Hakujua ni lipi kati ya haya mawili aliloliogopa zaidi, kupoteza nyumba au kumtoa mtu ndani yake. Wageni wa siku mbili walimwokoa na yote mawili. Hawawezi kudai kitu. Hawahitaji kufukuzwa.

Akamwambia Peterson wajaribu mpaka Pasaka.

Wageni wa kwanza walikuwa bwana na bibi wa makamo, weupe, wenye fimbo ndefu za kuvulia na kofia zilizochomekwa vidudu vya manyoya. Kingori alijua wajibu wake. Mgeni hawezi kuachwa peke yake, la sivyo atakwenda kusema kwamba boma lile lina uchoyo. Alivaa koti lake la kanisani, akashuka na birika la uji, akakaa nao barazani. Hawakuwa na maneno mengi ya kupeana. Aliwaonyesha mlima, wakatikisa kichwa. Akawaonyesha tena. Jua likatua wakiwa wamekaa watatu, wakitabasamu. Asubuhi Wachuka alipeleka viazi vya kuchoma na Kingori akaenda mtoni kuwasindikiza, akasimama nyuma ya yule bwana mchana kutwa ili asipatwe na upweke.

Peterson alifika Jumatatu akiwa amekunja uso, lakini kicheko kilimponyoka kabla hajafunga mlango wa gari.

"Mzee! Hawa watu wamelipa ili wasikuone!"

"Wasinione mimi? Katika nyumba yangu?"

"Hasa wewe! Hata mimi hawataki kuniona. Wanataka mlima na samaki, basi."

"Na wakiugua? Wakiogopa?"

"Wataugua polepole mpaka Jumatatu. Mzee, tafadhali, wape ufunguo, toweka."

Basi alijifunza kutoweka, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, hata kuchonga mawe. Kila Ijumaa watu wapya, nyuso mpya, vicheko vipya. Alisimama ndani ya mahindi yake kama mwizi, akichungulia dohani yake mwenyewe. Moshi ukiwa mwingi aliwaza kwamba wanachoma viti. Usipoonekana, aliwaza kwamba wamelala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa. Walipoondoka alikimbilia ndani akipapasa kuta kama daktari. Kisha siku za katikati ya juma nyumba ilisimama kimya, baridi, na alipopita karibu nayo alihisi inamtazama. Alikonda. Mkanda wake ulihitaji tundu jipya, naye alilitoboa kwa msumari bila kusema.

"Ndiyo raha uliyoichagua?" Wachuka aliuliza.

"Mambo mapya hutaka mazoea."

"Ati mazoea. Umeanza kunyemelea nyumba yako kama fisi."

Pasaka ilileta kundi la vijana, wanaume na wanawake, katika magari mawili. Waliimba, walicheka, walishuka mtoni na kupanda, lakini hawakuvunja kitu. Jumatatu asubuhi waliondoka wakipunga mikono. Kingori alipoingia alikuta vitanda vimetandikwa, sakafu imefagiwa, na maua ya porini katika gudulia la jamu juu ya meza. Moyo ukatulia. Akajiambia kwamba Peterson alikuwa na haki, na kwamba wiki hiyohiyo ataitia sahihi ile karatasi ya mkataba ambayo Peterson alikuwa amemwachia.

Akazunguka nyuma kuangalia dohani, na hapo akasimama.

Mafiga hayakuwapo. Chini ya ukingo wa mabati palibaki alama tatu katika udongo, vishimo vitatu vya rangi hafifu, na wadudu wadogo wakikimbia huku na huku kwa mshangao wa kuona mwanga.

Kwanza alidhani ni Wachuka aliyeyahamisha. Wachuka alikuja akiwa na unga mikononi, akatazama, akajipangusa kwa leso bila kujua anajipangusa nini. Walitafuta ndani, wakatafuta uani, wakatafuta hata darini. Giza likawakuta bado wakitafuta.

Kesho yake Kingori alikuwa Nyeri, mbele ya meza ya Peterson, kofia mkononi.

"Mawe gani, Mzee?"

"Mafiga ya mama yangu."

Mzaha ukamshinda Peterson. "Mzee, mlima wote huu ni mawe. Nikuletee lori zima?" Alipoona uso wa Kingori aliacha kucheka. "Pole. Sikujua yana maana."

"Waulize waliyaweka wapi."

"Niwaulize wapi? Mmoja yuko kwenye ndege saa hii. Wengine nawajua jina moja tu. Hao ni watu wa kulala, Mzee. Wamelala, wameamka, wamekwenda." Akasogeza kikombe cha chai mbele yake kwa wema. "Sikia. Nitaandika onyo, tutalipigilia ukutani: Usiguse mawe. Lakini ile karatasi naihitaji Ijumaa. Watu wa mwezi wa saba wanataka kujua kama kuna nyumba. Ukichelewa, kuna mtu Naro Moru ananingoja."

Akirudi, alipitia posta ya Mweiga akapewa barua. Ilikuwa ya Kaberia, fupi na ya adabu. Alisema Pasaka imefika, na kwamba bwana mmoja wa Nyeri mjini amempa nyumba na anataka kujibiwa Jumamosi. Yeye na mama wangependa zaidi ile ya Mweiga, lakini hawezi kuhama bila kujua watoto watalala wapi. Kama hatapata neno kufikia Ijumaa, ataelewa.

Kingori alisimama mbele ya posta, barua ya Kaberia katika mfuko wa kulia, mkataba wa Peterson katika wa kushoto, na akahisi koti linamvuta pande zote mbili.

Wachuka ndiye aliyeyapata mafiga. Jumatano asubuhi alifuata vifuniko vya chupa vilivyoangushwa njiani, akafika mtoni, akamwita mumewe kwa sauti iliyopita juu ya mahindi. Mawe yalikuwa ndani ya maji. Wale vijana walikuwa wameyapanga kuzuia kidimbwi kidogo kando ya mkondo, na ndani ya kidimbwi chupa mbili za bia zilizosahauliwa zilikuwa bado zinapoa.

Kingori aliingia na viatu. Maji ya Nyandarua yalimshika magotini kwa meno. Aliinamia jiwe la kwanza, akalitoa, akalipindua. Masizi ya upande mmoja, masizi ya mapishi ya mama yake tangu kabla yeye hajazaliwa, yalikuwa yamekwanguka kwa kuburutwa juu ya changarawe. Akalipapasa kwa dole gumba, kisha akalikumbatia kifuani, akatoka nalo.

Wachuka alilifunga la pili kwa kanga, akalibeba mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akitembea ameinama. Kingori hakutaka kumtazama hivyo, lakini hakuweza kutazama kwingine. Walipumzika katikati ya mteremko.

"Hawakukusudia ubaya," Wachuka alisema akihema. "Wangejuaje?"

"Yule mama wa Meru alijua."

"Alijua. Nawe ukamnyima."

"Sikumnyima. Nilisema wasubiri."

"Umewasubirisha mpaka wamepata pengine."

"Mama Mutahi, ulimsikia kwa masikio yako. Mwaka wa nne. Mti."

Wachuka alifungua kamba, akakisugua kipaji chake kilichochorwa mstari. Hakuwa na haraka.

"Yule mzee wa Giakanja," alisema, "naye aliogopa mti."

Kingori aligeuka kwa ghafla, jiwe likiwa bado kifuani.

"Mimi si yeye!"

"Sijasema wewe ni yeye. Nimesema aliogopa. Hukuwahi kujiuliza kwa nini aling'oa kitu kidogo vile kwa rafiki yake? Uliniambia alikuwa mtu mwema. Aliogopa tu. Alikuwa na wana wake, kama wewe una Mutahi."

Kingori akaliweka jiwe chini. Maisha yake yote alimwona mtu yule kwa macho ya mtoto aliyesimama karibu na miguu ya baba yake. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atasimama upande wa pili, na kutoka huko mche mdogo utaonekana mkubwa hivyo.

"Na Mutahi akirudi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

"Akirudi atakuta watu. Watu wana masikio, wanaambiwa. Hawa wengine utawaambia nini, na hata majina yao huna?"

Waliyapandisha yote matatu. Kingori alipiga magoti nyuma ya nyumba na kuyarudisha, kila moja katika shimo lake. Fundi hakosei jiwe. La tatu lilipoketi, lilikaa kimya, bila kucheza, kama kwamba halikuwahi kutoka. Alibaki amepiga magoti akiwaza habari za baba yake aliyesimama katikati ya maharagwe siku ile ya kupimwa. Mti aliukosa, sawa. Lakini kalamu ile ya kamati, kama ingekutana na mstari mmoja tu ulioandikwa na mwenye shamba wakati bado wanakunywa uji pamoja, je, ingepita vile? Baba hakuwa anajua kusoma. Rafiki yake pia hakujua. Walikuwa na maneno tu, na wenye maneno wakafa.

Yeye Kingori alijua kuandika.

Alhamisi asubuhi alikaa kwenye meza ya nyumba ya mbao, miwani puani. Angeweza kwenda Karatina na kusema kwa mdomo, hakutaka. Karatasi ya kwanza aliichana, ya pili ikapatwa na tone la wino. Ya tatu aliandika polepole, kwa herufi za kusimama wima kama alivyofundishwa:

*Ndugu Kaberia, salamu kwako na kwa Mama. Nyumba ni yenu kuanzia mwezi wa tano, na mtakaa mwaka baada ya mwaka. Siku mimi au mwanangu tutakapoihitaji, mtapata habari kwa maandishi, miezi sita kabla. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuja mlangoni kwenu na mdomo mtupu kuwaambia mtoke. Barua hii muiweke. Nami nitaweka nakala, na mwanangu nitampelekea yake.*

Hapo kalamu ikasimama. Alitazama dirishani, kile kipande cha ardhi nyuma ya dohani. Aliandika, akafuta, akamwita Wachuka, akamsomea, naye Wachuka akasikiliza huku amekishika kisu cha viazi.

"Endelea," alisema.

*Kuhusu plamu: Mama apande. Miti itakuwa yenu, udongo utabaki wangu, na haya mawili tusiyachanganye. Mkiondoka kabla haijazaa, au baadaye, kila mti mtakaouacha nitawalipa, kama fundi anavyolipwa kazi aliyoiacha kwenye nyumba ya mtu.*

"Hilo la kulipa," Wachuka akasema, "hakuna aliyekuomba."

"Ndiyo. Ndiyo maana naliandika."

Akatia sahihi, akakunja, akaingiza ndani ya bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu wa msimu. Aliilamba mara mbili, ikafunguka mara mbili. Jasho lilimtoka kana kwamba kufunguka huko ni neno la mtu anayemkataza. Wachuka alikwenda jikoni akarudi na uji mzito uliobaki chini ya sufuria, kwenye ncha ya kidole. Kingori akaupaka, akabonyeza kwa kiganja, akahesabu kwa moyo mpaka ukakamata.

Alipofika Mweiga, Peugeot nyeupe ilikuwa imesimama mbele ya duka la chai. Peterson alitoa kichwa dirishani.

"Mzee Kingori! Ndiyo nakuja kwako, kabla hata ya Ijumaa! Umetia sahihi?"

Kingori alitoa mkataba kutoka mfuko wa kushoto, akampa. Peterson akaukunjua, akatafuta chini, akaugeuza.

"Hakuna kitu hapa."

"Hakuna. Samahani, kijana wangu. Ulinitendea vizuri."

"Utajuta, Mzee! Mpangaji akiingia, hatoki!"

Kingori alisimama kidogo. Hakuwa na hakika kwamba Peterson amekosea. Alimwinamia kwa adabu, akavuka barabara.

Karani wa posta alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa kamba. "Ya Karatina? Gari limechelewa leo, una bahati. Itafika kesho. Lete."

Kesho ilikuwa Ijumaa. Kingori aliinyosha bahasha juu ya kaunta, lakini vidole vya mkono wake wa kushoto, vile vitatu na dole gumba, havikuachia. Ndani ya karatasi ile kulikuwa na dohani, baraza, mabati mekundu na mahali pa mama yake. Karani alivuta kidogo. Kingori alivuta kidogo.

"Mzee, unatuma au hutumi?"

"Stempu imekaa sawa?"

"Imekaa sawa."

"Na hapo nilipobandika?"

Karani akapitisha ukucha kwenye ukingo wa bahasha, pale uji ulipokauka mweupe. "Hata kwa kisu haifunguki."

Kingori akaachia. Bahasha ikatumbukia ndani ya gunia, karani akakaza kamba, na nje, kwenye barabara ya vumbi, gari la barua likapiga honi.